Somo Lisilo na Mtihani

Mwaka 2008 Kenya iliingiza Stadi za Maisha katika shule za msingi na za upili, kipindi kimoja kwa juma. Silabasi iliandikwa vizuri: kujitambua, kuishi na wenzako, kufanya maamuzi, kustahimili shinikizo la marafiki. Kilichokosekana ni mtihani. Mkaguzi akija, kipindi kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Akiondoka, mwalimu wa hisabati anaingia na chaki yake, na hakuna mzazi anayelalamika, maana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haitamuuliza mtahiniwa namna ya kumkataa mtu mzima mwenye gari.

Mtaala wa umilisi ulipofika sekondari msingi, Januari 2023, ilionekana kana kwamba deni hilo limelipwa. Stadi za Maisha, Elimu ya Afya na Biashara kila moja lilikuwa somo kamili kwa Gredi ya 7. Masomo yakafika 14, walimu wakalia, wazazi wakalia. Agosti mwaka huohuo jopo la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, likatoa ripoti yake, na masomo yakapunguzwa hadi 9. Stadi za Maisha zikamezwa na Masomo ya Kijamii. Afya ikaingia katika Sayansi Jumuishi. Biashara ikapelekwa kwenye masomo ya awali ya kiufundi. Hivyo mambo yanayomjia mtoto kwa mkupuo mmoja, yaani mwili wake, watu wanaomzunguka na pesa, yakagawiwa walimu watatu ambao huenda hawakutani ila kwenye chai ya saa nne.

Je, ilikuwa sawa? Mjadala unaofuata umetungwa, na umewekwa Pwani, katika mkutano wa wazazi ambao haukufanyika. Wasemaji hawana majina. Hoja zao, hata hivyo, ni zile zinazosikika shuleni, misikitini, makanisani na kwenye foleni za zahanati.

Mzazi ndiye anayeanza, naye haendi kwa kuzunguka. Ana duka la nguo Kongowea na binti katika Gredi ya 9.

"Tusidanganyane. Mkisema elimu ya afya mnamaanisha ngono. Desemba 2013 mawaziri wa elimu na wa afya wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika walikutana Cape Town wakatia saini ahadi ya kuwafundisha vijana elimu ya jinsia. Kenya ilikuwemo. Mimi nilikuwa hapa dukani. Nani aliniuliza?"

Watu wanapiga makofi. Ustadhi, mwalimu wa dini, anangoja yatulie, kisha anaongeza la kwake kwa sauti ya chini. Yeye hapingi mtoto kujua twahara, hedhi na balehe. Madrasa inafundisha hayo kabla shule haijafikiria. Anachopinga ni mafunzo yanayoeleza mambo ya ndoa huku ndoa yenyewe ikiachwa nje. "Zamani msichana akivunja ungo alikabidhiwa kungwi. Kungwi hakuwa mgeni. Alimjua mama yake, alimjua bibi yake, na alikuwa na la kujibu kama mambo yangeharibika. Mwalimu wenu akihamishwa Juni, nani atamjibia mwanafunzi wake?"

Hoja hii ya kungwi ni nzito kuliko wanavyokiri watetezi wengi wa mitaala. Mafunzo yale yalikuwa ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, ya siri, na ya mtu anayewajibika. Sista, muuguzi wa zahanati ya jirani, hampingi Ustadhi moja kwa moja. Anauliza swali la umri tu.

"Ustadhi, kungwi alifundisha msichana ambaye harusi yake ilikuwa karibu. Leo huyu binti anavunja ungo akiwa na miaka 12 au 13, na sheria inasema asiolewe mpaka 18. Tunataka amalize shule, afike chuo. Ile miaka yote katikati, nani anazungumza naye? Nakwambia mimi ninayewaona: anazungumza naye simu, na anazungumza naye wa bodaboda."

Kisha anatoa hesabu. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, ikilinganishwa na asilimia 18 katika utafiti wa 2014. Samburu ilikuwa asilimia 50. Nyeri na Nyandarua zilikuwa 5 kila moja. Kuhusu hofu kwamba kufundisha ni kuchochea, mapitio ya tafiti yaliyobeba mwongozo wa UNESCO wa 2018 hayakuona kwamba elimu ya namna hii huwafanya vijana waanze ngono mapema.

Mzazi anadaka hesabu ileile na kumrudishia. "Sista, silabasi ya Samburu na ya Nyeri si moja? Mtungaji si mmoja? Basi kama kitabu ndicho kinachozuia mimba, mbona huku ni nusu ya wasichana na kule ni mmoja kwa ishirini?"

Hapa mkutano unanyamaza, na haki yake kunyamaza. Swali hilo ndilo lililopaswa kuulizwa tangu 2008. Majibu yake yapo, tena yalipatikana Kenya hiihii, magharibi mwa nchi, lakini hayatajwi sana wakati wa kugombania mtaala.

Kuanzia mwaka 2003 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi wapatao 19,000 kutoka shule za msingi 328 za eneo hilo, kwa muda wa miaka saba. Baadhi ya shule, walimu wao walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa serikali kuhusu Ukimwi. Baadhi, wanafunzi walipewa sare bure. Baadhi zilipata vyote viwili, na baadhi hazikupata kitu. Ilitokea nini? Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba. Sare peke yake zilipunguza: baada ya miaka mitatu, wasichana waliowahi kupata mimba walikuwa asilimia 13 badala ya 16, na walioacha shule walipungua. Sare, si silabasi. Msichana aliyebaki darasani alikuwa na sababu ya kuchelewesha mambo, na aliyefukuzwa kwa kukosa sketi hakuwa nayo.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio manane yenye washiriki zaidi ya 55,000 Afrika, Amerika ya Kusini na Ulaya, yalielekea upande huohuo: programu za elimu shuleni zikiwa peke yake hazikuonyesha kupunguza maambukizi wala mimba, na msaada wa kumwezesha mtoto kubaki shuleni ulionyesha dalili ya kusaidia.

Mzazi angeweza kuondoka hapo akiwa ameshinda. Lakini kuna sehemu ya pili ya habari, nayo inaharibu ushindi wake. Mwaka 2004 Dupas aliteua shule 71 miongoni mwa zile 328, na wasichana wa darasa la nane wakapewa kipindi cha dakika 40. Kimoja tu. Hawakuambiwa waache, hilo walikuwa wameshaambiwa. Walionyeshwa filamu fupi na takwimu za maambukizi ya VVU kwa wanaume kulingana na umri wao. Wakajionea kwamba mwanaume mtu mzima, yule mwenye pesa za kununua chipsi na simu, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa rika lao. Mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28 ikilinganishwa na shule nyingine, na zilizopungua hasa ni zile za wanaume waliowazidi sana umri. Mtaala wa kitaifa uliosema "acheni" bila kueleza hatari iko wapi haukuwa na athari hiyo.

Dakika 40 zilishinda mtaala mzima kwa sababu zilizungumzia mtu ambaye msichana anamjua: mubaba, yule mtu mzima mwenye pesa. Na mubaba ni suala la afya, la sheria na la pesa kwa wakati mmoja.

Msichana wa Gredi ya 9 anainua mkono. Anawaamkia wazee kwanza, kisha anasema alilokuwa akilitafakari tangu mwanzo.

"Mwalimu alitufundisha kusema hapana. Tuliigiza hata mchezo. Mimi nilikuwa yule anayesema hapana. Lakini kutoka kwetu mpaka shule ni mbali, na mvua ikinyesha wa boda ananibeba bure. Hakuna aliyetufundisha nauli ya kumlipa itatoka wapi."

Baba yake anageuka kumtazama. Yeye hakujua habari ya boda.

"Na sodo," anaendelea. "Muhula mwingine zinakuja, muhula mwingine hazionekani."

Sodo hizo si hisani ya mtu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliifanya serikali iwajibike kumpa kila mwanafunzi wa kike aliyebalehe katika shule za umma taulo za bure, za kutosha na zenye ubora. Mwanafunzi anayejua kifungu hicho anaweza kuuliza. Asiyekijua anaomba, na anayeombwa ana masharti yake.

Mwalimu, aliyekaa kimya kwa sababu kila lawama inampitia yeye, sasa anasimama. Anafundisha Masomo ya Kijamii na ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Analo lake, nalo ni chungu.

"Mnakumbuka mwaka 2001? Machi, bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos lilichomwa moto kwa makusudi, wakafa wavulana 67. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku viboko. Tukaambiwa ushauri nasaha ndio utashika nafasi ya kiboko. Sawa. Kiboko hakikuhitaji mafunzo wala kipindi wala chumba cha faragha. Ushauri unahitaji vyote. Mimi nina vipindi vyangu vya kawaida, nina madaftari ya kusahihisha, na mtoto aliyebakwa na mjomba wake ananingojea mlangoni wakati kengele inalia. Nimchukue niende naye wapi? Chumba cha walimu?"

Anaeleza jinsi anavyofundisha Stadi za Maisha tangu zimezwe: mada inakuja mwishoni mwa kitabu, muhula unakaribia kwisha, na tathmini haiigusi kwa uzito. Hivyo anaisoma kwa sauti, wanafunzi wanaandika, basi. Haoni aibu kusema hivyo, na hakuna sababu aone. Mfumo uliompa mada bila muda ndio unaopaswa kuona aibu.

Lakini Mwalimu pia hataki mzigo ugeuzwe kuwa wa wasichana peke yao. Wavulana wamekaa nyuma, wanacheka. Anamuita mmoja wao kwa swali: ukitimiza miaka 18 mwezi huu, na mpenzi wako ana 16, naye amekubali, sheria inakuonaje? Mvulana anasema akikubali hakuna kosa. Amekosea vibaya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na kwa msichana wa miaka 16 adhabu ya mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba majaji hawawezi kushusha adhabu chini ya kiwango hicho cha sheria. Mvulana haendelei kucheka.

Naye, akishaanza kusemeshwa, ana habari yake. Kwao tatizo si mimba, ni kamari. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini laini ya simu ni ya kaka yake, na kitambulisho kilichosajili akaunti ni cha kaka yake. Wiki mbili alishinda. Wiki ya tatu ada ya ziara ya masomo ikaenda. Alipotaka kuirudisha, kaka alikopa kwa simu.

Hili ndilo eneo ambalo mijadala ya Kenya kuhusu somo hili hulipita kwa mbio, kana kwamba pesa ni jambo la watu wazima. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari Novemba 2012, Fuliza Januari 2019. Mtoto aliyeko Gredi ya 9 hajawahi kuishi katika Kenya isiyo na benki mfukoni. Matangazo ya kamari yalijaa redioni na kwenye runinga kiasi kwamba mwishoni mwa Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari iliyasimamisha yote kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa saini. Shuleni riba inafundishwa, ni kweli, kwenye hisabati: tafuta riba ya shilingi 10,000 kwa miaka miwili. Mkopo wa simu unaodaiwa baada ya siku 30, wenye ada ya kila siku na jina lako kupelekwa kwa wanaoweka kumbukumbu za wadaiwa, haufanani na swali hilo.

Mtunga mitaala, mgeni kutoka Nairobi, anaona nafasi ya kujitetea. Masomo 14 yalikuwa mengi mno, anasema, na hakuna wa kumbishia. Kuunganisha hakumaanishi kufuta. Na je, nchi zilizolipa somo hili hadhi kamili zimepona?

Anataja Uingereza, ambako somo la aina hii, linalojumuisha nafsi, jamii, afya na uchumi, lina historia ndefu. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua njia, na kuanzia Septemba 2020 elimu ya mahusiano na jinsia ikawa ya lazima katika sekondari zote za England, pamoja na elimu ya afya katika shule za serikali. Miezi michache baadaye, mapema 2021, maelfu ya wanafunzi waliandika hadharani visa vya kunyanyaswa kingono na wanafunzi wenzao. Wakaguzi wa Ofsted walitembelea shule na vyuo 32 na kuzungumza na vijana zaidi ya 900. Takriban asilimia 90 ya wasichana walisema kutumiwa picha au video chafu wasizozitaka hutokea mara nyingi au wakati mwingine, kwao au kwa wenzao. Wanafunzi walilalamika kwamba vipindi vya somo hilo haviwapi wanachokihitaji, na walimu wengine walikiri hawajiamini kulifundisha.

"Basi lazima si dawa," anamaliza mtunga mitaala.

Ni kweli kwamba lazima si dawa. Lakini amesahau, au ameona vyema asitaje, mambo mawili ya England yanayougusa mkutano huu. La kwanza: sheria iliyolifanya somo kuwa la lazima iliiacha sehemu ya uchumi nje. Nako pia watunga sheria waligombana kuhusu mwili na kuuacha mfuko. La pili litampendeza Mzazi: shule inalazimika kushauriana na wazazi kuhusu sera yake ya somo hilo, na mzazi anaweza kuomba mwanawe aondolewe katika sehemu ya ngono, mpaka mihula mitatu kabla mtoto hajafikisha miaka 16. Kuanzia hapo mtoto akitaka kufundishwa, anafundishwa.

"Hilo nalitaka," anasema Mzazi. "Niulizwe. Nionyeshwe."

"Nawe ukionyeshwa, utasoma?" anauliza Sista.

Kicheko kinapita ukumbini. Ustadhi naye anatabasamu, kisha anasema jambo ambalo pengine lingefaa kusemwa mwanzoni: kama orodha ya mada italetwa mezani mapema, yeye yuko tayari kukaa na Mwalimu na Sista wagawane. Kuna mambo yatakayosemwa vyema na mwalimu wa dini, na kuna mengine ambayo yeye mwenyewe, kama mwanaume mzima, haoni heshima kumfundisha binti wa watu.

Mapatano hayo ni mazuri kuliko yaliyoko kwenye mtaala, lakini hayatoshi. Hoja ya Mzazi kuhusu Samburu na Nyeri bado imesimama: kipindi hakiwezi kufanya kazi ya sare, ya sodo, ya nauli na ya karo. Anayetaka kupunguza mimba kwa kuongeza kurasa za kitabu huku mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa sketi anapoteza kurasa. Ila waliosema kwamba kwa hiyo kipindi hakifai kitu nao wamekosea, kwa ushahidi wa dakika 40 za mwaka 2004. Kipindi kinafaa kikiwa na habari mahususi anayoweza kuitumia mtoto jioni ileile: nani ni hatari zaidi, sheria inasema nini, deni la simu linakuaje, nani wa kumwendea.

Ndiyo maana kulivunja somo hili vipande vitatu lilikuwa kosa, hata kama kupunguza masomo kulihitajika. Mwalimu wa sayansi ataeleza yai na mbegu, kisha kengele italia. Mwalimu wa masomo ya kiufundi ataeleza bajeti. Wa kijamii ataeleza maadili. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kumweleza msichana kwamba lifti ya bure ya bodaboda ni deni, au kumweleza mvulana kwamba akaunti ya kamari kwa jina la kaka yake ni kosa na pia ni shimo. Serikali irudishe kipindi kimoja kwa juma, kisicho na mtihani wa taifa lakini chenye mwalimu aliyepunguziwa vipindi vingine, na orodha ya mada iwafikie wazazi kabla ya kufundishwa.

Hayo ni ya Nairobi, na ya Nairobi huchukua muda. Kwa mzazi mwenye mtoto sekondari msingi, kuna la kufanya muhula huu: mkutano wa wazazi ukiitwa, uliza nani anafundisha Stadi za Maisha, siku gani, na ana vipindi vingapi vingine. Kisha umuulize mtoto wako anakwenda shule na nani.